Mwacheni amwage maji

Leo nimetoka kazini nimechoka na kuna jambo limenikaa rohoni, nimeona bora niliandike kabla sijalala. Mi ni mtu wa fiziotherapia, huu mwaka wa 11 nipo Dar, na wagonjwa wangu wengi ni watu waliopata kiharusi. Kila wiki naona kitu kilekile, mzee anaingia na wanawe, mkono wa kulia umelegea, na kabla sijasema neno mtoto mmoja kashaunyanyua ule mkono kauweka mezani, mwingine anamfuta mdomo, wa tatu ndo anajibu maswali ninayomuuliza mzee. Ni upendo huo, sina shaka nao hata kidogo. Ila upendo wa hivo unauacha ule mkono ulale jumla, na nataka nieleze kwanini, na ili nieleze inabidi nianzie mbali kidogo, kwa bibi yangu Muheza na ndoo yake ya maji.

Kisima chetu kilikuwa bondeni, kama dakika 20 kwa mguu, kwenda unateremka kurudi ni mlima. Nilipofika umri wa kwenda kisimani, miaka 6 au 7 hivi, bibi hakunianzishia ndoo. Alinipa kopo la mafuta ya kupikia lililoisha, linaingia lita moja, akanizungushia kata ya kipande cha kanga kuukuu, akalijaza maji akaniweka kichwani, akaachia. Basi. Hakunishika kiwiko, hakutembea ubavuni kwangu ameinua mkono kunikinga, alitangulia na ndoo yake ya lita 20 yenye majani ya mwembe juu ili maji yasichezecheze, anaongea na wenzie kana kwamba mi sipo. Nilifika nyumbani kopo lina maji ya kuoshea vidole tu na gauni lote chapachapa. Mama mdogo akalalamika, "Mama, si umsaidie mtoto?" Bibi akamjibu, "Nikimshikia atauzoea mkono wangu, kichwa chake hatakijua."

Nakumbuka zile wiki za kwanza. Nilikuwa nakakamaa mwili mzima, shingo kama mti, mabega yamepanda, magoti hayakunji, naangalia mbele tu kama askari wa gwaride, na maji yanamwagika vilevile. Baadae, sijui ni mwezi wa ngapi, mwili ukaanza kulegea wenyewe. Nikahamia kisado, alafu ndoo ndogo ya lita 10. Siku moja bibi akaniita kutoka nyuma nikageuka kumuitikia, nimegeuka na mwili wote, na ndo nikagundua mikono yangu yote miwili imeshika mapera. Yani sikumbuki kabisa siku niliyoacha kuishikilia ndoo. Mwili ulikuwa umeamua bila kunishirikisha.

Miaka mingi baadae nikiwa chuoni ndo nikaanza kuelewa mle kichwani, chini ya ile kata, kulikuwa kunaendelea nini, na mpaka leo nikiwaza nashangaa.

Fikiria tu. Maji ndani ya ndoo hayatulii, kila hatua inayasukuma mbele na nyuma, na ndoo ikiinama kidogo tu maji yote yanakimbilia upande ule na kuiinamisha zaidi. Sasa kama ubongo ungekuwa unasubiri habari kwamba "ndoo imeinama", alafu upange cha kufanya, alafu utume amri kupitia uti wa mgongo mpaka kwenye misuli, ungekuwa umechelewa. Kutoka jicho lione kitu mpaka msuli uitikie ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde, na hatua moja ya mtu anayetembea ni kama nusu sekunde, kwahiyo ukingoja kuona unakuja kurekebisha kosa ambalo limeshageuka kuwa kosa lingine. Mtu angetembea anayumba kama mlevi. Kinachofanyika ni kwamba ubongo haungoji. Unabashiri. Kabla mguu haujagusa chini, shingo na mgongo na nyonga vimeshapokea taarifa kwamba mtikisiko unakuja, wa nguvu kiasi fulani, na vimeshajiandaa. Habari kutoka machoni na kwenye ngozi na misuli zikifika, kazi yake ni kuulinganisha ule ubashiri na kilichotokea, na ile tofauti ndo somo la siku hiyo.

Jaribu hili sasa hivi kama una mtu karibu. Weka chupa ya maji ya lita moja na nusu juu ya kiganja, mkono mbele, fumba macho. Mwambie mwenzio aiondoe ghafla. Mkono utaruka juu, huwezi kuuzuia, na hata akikuhesabia moja mbili tatu bado utaruka. Sasa rudisha chupa na uiondoe mwenyewe kwa mkono wako mwingine. Mkono unatulia palepale! Uzito ni uleule, chupa ileile. Tofauti ni kwamba safari hii amri ya kunyanyua imetoka ndani ya kichwa chako, na ubongo ukiutuma mkono mmoja unampa taarifa na mwenzake. Ndo maana pia huwezi kujitekenya, ubongo umeshajua vidole vyako vinakuja wapi na unaipunguza ile hisia. Naomba ulikumbuke hili la chupa, kwasababu kila nitakachosema chini kuhusu wagonjwa kimekaa hapo. Ubongo unajua vizuri matokeo ya amri zake wenyewe. Ya amri za mtu mwingine hauyajui hivo.

Sehemu kubwa ya huu ubashiri inafanywa na serebelamu, kile kibongo kidogo kilichojikunja nyuma, usawa wa kisogo. Kwa ukubwa ni kama asilimia 10 tu ya ubongo wote, lakini mwaka 2009 mwanasayansi wa Brazil Suzana Herculano-Houzel na wenzie walipohesabu seli za fahamu za binadamu walipata kama bilioni 86, na kati ya hizo kama bilioni 69 zipo kwenye hiko kibongo kidogo. Pombe inaivuruga haraka sana, ndo maana mlevi anayumba na mguu unakanyaga pasipo. Na mtu ambaye imeumia, ukimpa kikombe mkono unakwenda vizuri mwanzoni, ukikaribia unaanza kutetemeka, unapitiliza, unarudi, unapitiliza tena, kwasababu ubashiri haupo na amebaki anafukuzia makosa kwa macho.

Kuna jaribio la mwaka 1994 la watafiti wawili Marekani, Reza Shadmehr na Ferdinando Mussa-Ivaldi, ambalo huwa nawasimulia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mtu anashika mpini wa roboti, anaambiwa apeleke mkono kwenye alama, lakini roboti inamsukuma pembeni. Mwanzo mkono unapinda kama upinde, anarudia anarudia, mwisho unaenda umenyooka. Alafu wanazima ile nguvu bila kumwambia. Mkono unapinda tena, safari hii upande wa pili! Yani alishaanza kujibu msukumo ambao haupo tena. Wote tunalijua hili kwa mtungi wa gesi, unaunyanyua ukidhani umejaa kumbe mtupu, unajikuta umeurusha nusu uangukie mguuni. Ni ushahidi kwamba pale ubongo haukukakamaza misuli tu, ulitengeneza picha ya ile nguvu ndani, na picha hiyo ilitengenezwa na makosa ya mtu mwenyewe, moja baada ya lingine.

Kuhusu wanawake na mizigo kuna utafiti wa hapa jirani Kenya unaonipa fahari sana. Mwaka 1986 Profesa Maloiy na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba ya kwenye paji la uso. Wakakuta hao wakinamama wanaweza kubeba mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada kuliko wakitembea mikono mitupu. Mwanamke wa kilo 60 hapo ni kilo 12, ile ndoo ndogo na zaidi kidogo! Utafiti uliofuata mwaka 1995 ukaeleza kwamba siri ipo kwenye mwendo, mwili ukitembea unapanda na kushuka kama bembea, na hawa walikuwa wanahamisha ile nguvu ya kushuka kuwa ya kusonga mbele bila kuipoteza sana. Haki ya kusema, mwaka 2010 walipopimwa wanawake wa Kixhosa kule Afrika Kusini hayo maajabu hayakuonekana kwa wote, mtu na mtu wake walitofautiana sana. Mi hainipunguzii heshima. Ni ufundi, na ufundi haulingani.

Sasa lile la kukakamaa. Nikolai Bernstein, Mrusi, miaka ya 1920 kule Moscow aliwapiga picha wafanyakazi wakigonga nyundo, wamefungwa vitaa kwenye viungo ili mwendo uonekane mstari kwa mstari. Ungetegemea fundi mzoefu ambaye amegonga mara laki awe anarudia mwendo uleule. Wapi! Bega, kiwiko na kifundo cha mkono vilibadilika kila pigo, ila nyundo ilitua palepale. Akasema mazoezi ni kurudia bila kurudia, maana fundi anarudia kulitatua tatizo na kila mara njia inatofautiana kidogo. Na mwanagenzi akianza huwa anafunga viungo vyake ili apunguze vitu vya kusimamia, alafu kadri anavoelewa anavifungulia kimoja kimoja. Nilivyosoma hapo nilijiona kabisa kwenye kile kilima cha Muheza, shingo kama mti na gauni limelowa.

Tuje wodini.

Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo mkono na mguu wa kulia ndo vinalegea, na familia inaona mkono umekufa. Wengine wanasema upepo mbaya, wengine jini, siwabishii sana siku ya kwanza kwasababu nataka warudi ya pili. Mkono haujafa. Misuli ipo, mishipa ya fahamu mkononi ipo, kilichoumia ni kule zinakoandikwa amri, na jirani za zile seli zilizokufa zinaweza kujifunza baadhi ya kazi, kama zitapewa kazi. Hapo ndo penye shida yetu. Mgonjwa anajaribu kunyanyua kijiko, kinaanguka, anaona aibu mbele ya wakwe na wajukuu, anatumia kushoto, anafanikiwa. Kesho hajaribu tena kulia. Ubongo unajifunza kweli, unajifunza kwamba ule mkono hautumiki.

Edward Taub wa Marekani aliona hili kwa nyani. Mishipa inayoleta hisia kutoka mkono mmoja ikikatwa, nyani anaacha kabisa kuutumia, ingawa ile inayopeleka amri ni mizima. Alipoufunga ule mkono mwingine uliokuwa mzima, nyani akaanza kuutumia ule mbovu. Kutokana na hapo ikaja tiba ya kumvalisha mgonjwa glavu nene kwenye mkono mzima karibu saa zote akiwa macho, wiki 2, na kumpa kazi nyingi za mkono dhaifu. Mwaka 2006 yakatoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu wapate kiharusi, waliopata tiba hii mikono yao ilifanya kazi vizuri kuliko wa matibabu ya kawaida, na mwaka mmoja baadae tofauti ilikuwa bado ipo. Sio ya kila mtu, lazima kifundo na vidole viwe na uhai kidogo, usije ukamfunga mama yako mkono nyumbani kwasababu umesoma hapa.

Lakini jaribio ambalo linanigusa zaidi ni la vitoto vya paka. Mwaka 1963 Richard Held na Alan Hein walichukua vitoto vya paka vilivyolelewa gizani, wakaviweka viwili viwili kwenye mtambo unaozunguka kama bembea za watoto. Mmoja anatembea mwenyewe, mwingine kakaa kwenye kikapu anazungushwa na mwendo wa mwenzie. Macho yao yanaona vitu vilevile, kwa mda uleule. Mwisho wa yote aliyetembea alijua kunyoosha mguu kabla ya kutua mezani, alijua kukwepa ukingo. Aliyebebwa hakujua, mpaka alipoachiwa atembee mwenyewe. Nikisoma hii namuona yule mzee wangu kwenye kikapu, amezungukwa na watoto wanaompenda.

Huyu mzee ninayemuwaza alikuwa seremala. Mkewe alikuwa anamlisha, binti anamfunga vifungo, kijana kamleta mchuaji kila jioni anamkanda kwa mafuta ya nazi. Sijamkatalia mchuaji, kukanda kunapunguza ukakamavu na mgonjwa anajisikia kuguswa, hilo ni kubwa. Ila mkono ukinyanyuliwa na mtu mwingine ubongo haujatuma amri, haujabashiri kitu, hauna kosa la kulinganisha, kwahiyo unajifunza kidogo mno. Ni ile chupa. Nikawaomba vitu ambavyo viliwauma kuvisikia. Shati afunge mwenyewe hata ikichukua nusu saa, mkiwahi mahali anzeni mapema. Akiwa anajaribu hesabuni mpaka 20 kimoyomoyo kabla hamjanyoosha mkono. Na mkimsaidia, mpeni ile sehemu ndogo inayobaki, mshikilieni kiwiko, vidole avifanyie kazi ye. Msimvute ule mkono dhaifu wakati wa kumnyanyua kitandani, bega linachomoka. Maji ya moto ya kukandia yapimwe na mkono wa mtu mzima wa afya, kwasababu yeye hasikii joto upande ule. Na suala la kumeza lipimwe kwanza kliniki kabla ya kumuachia chakula, watu wanapaliwa na chakula kinaingia mapafuni, hapo sitanii.

Kuhusu kutosikia, wengi hawaelewi uzito wake. Ian Waterman, Mwingereza, mwaka 1971 akiwa na miaka 19 alipata ugonjwa uliomuondolea hisia ya kuguswa na ya kujua viungo vyake vipo wapi, kuanzia shingoni kushuka chini, misuli ilikuwa na nguvu zake zote lakini hakujua mikono yake ipo wapi asipoiangalia. Alianguka kama gunia. Ilimchukua zaidi ya mwaka kutembea tena, kwa kuangalia kila kiungo na kukifikiria, na taa zikizimika anaanguka. Kwahiyo mgonjwa asiyesikia mkono wake namwambia auangalie, autazame kabisa ukienda, na tusimuwashie televisheni wakati ule.

Mkewe yule mzee alilia siku ya kwanza. Akaniambia "mwanangu, miaka 38 nimekula kwa hiyo mikono, leo nimuangalie anamwaga uji kifuani kama mtoto?" Sikuwa na jibu la kitabuni. Nikamsimulia bibi na kopo, na mama mdogo anavyolalamika, na kilima. Akanyamaza.

Leo ni wiki ya 14. Nilimuwekea mzee vikombe viwili vya plastiki mezani, kimoja kina maji nusu, ahamishe kwenda cha pili kwa mkono wa kulia. Bega likapanda kwanza, kakamaa yote, kiwiko kimebana ubavuni, namuona anafunga viungo kama mwanagenzi. Kikombe kikainuka, kikainama mapema, maji yakaenda mezani yakatiririka mpaka kwenye suruali yake. Binti akanyanyuka na kitambaa. Mama akamshika binti gauni kwa nyuma, akamkalisha, macho yake hayajatoka kwenye ule mkono. "Muache baba yako," akasema. Mzee akavuta pumzi, akanyoosha mkono kwenye jagi, akajaza tena.